Tabia Njema Hutoka Wapi?

Neno maadili tunalisikia kila Jumatatu mstarini. Walimu hulitaja, viranja hulirudia mabwenini, na wazazi hutuachia neno hilo hilo siku ya kufunga masanduku kurudi shuleni. Lakini neno lisikiwalo sana hufanana na mlio wa gari moshi kwa mtu akaaye karibu na stesheni: masikio anayo, wala hashtuki tena. Kwa hiyo nimeona yafaa katika toleo hili kulieleza neno hilo polepole, si kwa akili yangu peke yangu, bali kwa msaada wa watu waliolifikiri zamani kabla yetu. Wengine walikuwa Wayunani walioishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Wengine ni watu wa pwani yetu wenyewe, ambao lugha yao ndiyo lugha yetu.

Swali ninalotaka kulijibu ni moja: tabia njema hutoka wapi? Je, mtu huzaliwa nayo kama rangi ya macho yake, au huambiwa akaijua kama majina ya mito, au huipata kwa njia nyingine? Swali hili si la mchezo kwetu sisi wa Kidato cha Nne. Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wa Taifa, kisha tutatoka mahali ambapo kengele hutuamsha, kengele hutulisha na kengele hutulaza. Huko twendako hakuna kengele. Kama wema wetu ni wa kengele, basi utabaki hapa shuleni pamoja nayo.

MANENO YENYEWE

Tuanze na maneno. Adili ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni haki na usawa: mwadilifu ni yule asiyepunja upande mmoja wa mizani. Tabia nalo latoka Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja na neno la kupiga chapa. Basi tabia ni kama chapa iliyopigwa juu ya mtu. Wayunani nao walifika karibu na hapo hapo kwa njia yao wenyewe. Katika lugha yao neno la tabia na neno la mazoea yafanana sana, na mwanafalsafa Aristotle aliliona jambo hilo akalitaja katika kitabu chake cha maadili. Lugha mbili zilizo mbalimbali zatuambia kwamba tabia ni alama ibakiayo.

Lakini wahenga wetu wametuachia methali mbili zigombanazo. Moja yasema, tabia haina dawa. Nyingine yasema, samaki mkunje angali mbichi. Ya kwanza yatukatisha tamaa, kana kwamba aliyeanza kuwa mwizi hana budi afe mwizi. Ya pili yasema kwamba upo wakati ambapo mtu hukunjika. Tuziweke methali hizi mbili akilini, maana tutazirudia mbele.

PETE YA MCHUNGAJI

Plato alikuwa mtu wa Athene, akafa mwaka 347 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Jamhuri, watu wameketi wakizungumza juu ya haki. Mmoja wao, Glaucon, ambaye alikuwa ndugu yake Plato, asimulia hadithi ya mchungaji wa nchi ya Lydia. Siku moja mvua kubwa ilinyesha, ardhi ikatetemeka ikapasuka. Mchungaji akashuka shimoni, akaona huko maiti yenye pete ya dhahabu kidoleni. Akaivua pete akatoka nayo. Baadaye, akiwa katika mkutano na wachungaji wenzake, aligeuza kito cha pete upande wa ndani wa kiganja, mara akawa haonekani. Wenzake wakamsema kama mtu aliyekwisha ondoka. Akakigeuza tena, akaonekana. Alipokwisha kuijua siri hiyo alifanya hila akatumwa kwa mfalme, akamtongoza malkia, akamwua mfalme na kuutwaa ufalme.

Glaucon hakuisimulia hadithi hiyo ili kuwaburudisha watu. Alisema, tuchukue pete mbili za namna hiyo, moja tumpe mwadilifu na nyingine mwovu, kisha tuwatazame. Alidai kwamba wote wawili watapita njia moja. Kwa maoni yake, watu hutenda haki kwa sababu wanaonekana tu. Mwondolee mtu macho ya watu, nawe umemwondolea haki yake.

Msomaji asidhani kwamba pete hiyo ni ya hadithini tu. Kila mmoja wetu amekwisha ivaa. Msimamizi wa mtihani akigeukia dirishani, chumba kizima kimevaa pete. Umeme ukikatika wakati wa masomo ya usiku, bweni zima limevaa pete. Mwenye duka akikosea chenji akakurudishia shilingi elfu kumi badala ya elfu mbili, pete unayo kidoleni toka dukani mpaka nyumbani. Kwa hiyo swali la Glaucon latuhusu sana.

Jibu alilopewa Glaucon katika kitabu kile ni refu, lakini kiini chake chaweza kuelezwa kwa ufupi. Mtu atendaye dhuluma bila kuonekana hawadhuru wengine peke yao. Aidhuru nafsi yake mwenyewe. Nafsi yenye haki ni kama mwili wenye afya, ambao kila kiungo chafanya kazi yake. Nafsi ya mdhalimu ni mgonjwa, na ugonjwa haupungui kwa sababu haukuonwa na mganga. Bali usioonekana ndio uuao zaidi.

Tuchukue mfano wa mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania hufuta matokeo ya mtahiniwa aliyebainika kufanya udanganyifu. Hiyo ni adhabu nzito, nayo ni ya haki. Lakini tumfikirie yule ambaye hakubainika. Amepata cheti kisemacho kwamba ajua hesabu, naye hajui. Kesho atakuwa muuguzi atakiwaye kupima dawa ya mtoto, au fundi atakiwaye kukadiria nondo za daraja. Cheti hakitamsaidia hapo, wala mtoto yule hakitamsaidia. Aliyedhani kuwa amemdanganya msimamizi kumbe amejidanganya mwenyewe, na deni lake litalipwa na mtu asiye na hatia.

MWASHI NA TOFALI LAKE

Sasa tuulize: ikiwa wema wa kweli ni ule usiohitaji macho ya watu, mtu aupataje? Hapa ndipo atufaapo Aristotle, aliyekuwa mwanafunzi wa Plato. Alizaliwa mwaka 384 K.K. katika mji wa Stagira, akafa mwaka 322 K.K.

Aristotle alifundisha kwamba tabia njema haimo ndani yetu kwa kuzaliwa. Jiwe kwa asili yake huanguka chini. Ulirushe juu mara elfu kumi, halitazoea kwenda juu. Mtu si kama jiwe. Mtu amezaliwa na uwezo wa kuipokea tabia, lakini kuikamilisha ni kazi ya mazoea. Twawa waadilifu kwa kutenda mambo ya haki, na mashujaa kwa kutenda mambo ya ushujaa, kama vile mtu awavyo mjenzi kwa kujenga.

Mtazame kijana ajifunzaye uashi. Siku ya kwanza fundi wake humweleza kamba, timazi na pima maji. Kijana aelewa yote, naye aweza kuyaeleza vizuri kuliko fundi mwenyewe. Lakini ukuta wake wa kwanza umepinda. Maneno aliyojua hayakuinyosha mikono yake. Baada ya matofali elfu moja ukuta huanza kunyooka, na baada ya miaka jicho lake huona kosa kabla ya timazi. Tena Aristotle aongeza jambo la kutisha: kwa kujenga huko huko hutokea waashi wazuri na waashi wabaya. Ajengaye ovyo kila siku hujifunza uovyo. Maana yake ni kwamba hakuna siku isiyotufunza kitu. Anayeamka kwa kuburutwa ajifunza kuburutwa. Anayesema uongo mdogo ajifunza uongo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho chaweza kujaa pumba pia.

Huenda mwenzangu mmoja akauliza: kama ni hivyo, wema wetu si ni utumwa tu? Twafagia kwa sababu mwalimu wa zamu amesimama, na twanyamaza kwa sababu kiranja aandika majina. Swali hilo ni la haki. Jibu la Aristotle ni kwamba mwanzo wa mazoea na mwisho wake si sawa. Mwanzoni mtu hutenda jema kwa kuongozwa, naye aona uzito. Akizoea, huanza kulipenda, na dalili ya kuwa tabia imekomaa ni kwamba mtu hutenda jema kwa furaha. Anayerudisha chenji huku moyo ukimwuma bado yu njiani. Anayeirudisha bila kufikiri mara mbili amekwisha fika. Kwa hiyo kengele si adui yetu. Ni kama mti ausimikao mkulima kando ya mche: humshika mche mpaka ujishike wenyewe. Mche usiojishika mti unapoondolewa, hapo ndipo pana hasara.

WOSIA WA MAMA

Wazazi wetu wataona kwamba mti wa kwanza ni wao. Jambo hilo alilijua mwanamke wa pwani yetu aliyeitwa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwaka 1858, hali yu mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha, ambao mpaka leo ni miongoni mwa tungo zinazojulikana sana katika Kiswahili. Mama huyo hakumwachia mtoto wake hesabu ya mali. Alimwachia habari za dini, adabu, ukweli wa maneno, ulimi usioumiza watu, na namna ya kuishi na watu wa nyumbani na majirani.

Hapana budi niseme pia kwamba si kila neno la utendi huo lakubaliwa na wasomaji wa leo. Ule utii mkubwa anaotakiwa mke kwa mumewe wapingwa na wengi, hasa wasichana, nami naona hoja yao ina nguvu. Lakini hilo nalo ni funzo. Kitabu cha kale si mwalimu wa kuitikiwa ndiyo kwa kila jambo. Ni mzee wa kuzungumza naye. Twatwaa kwake lililo la watu wote na wakati wote, kama ukweli na upole wa ulimi, na lile lililo la zama zake twamwachia kwa heshima.

KIASI

Aristotle alifundisha jambo jingine lifaalo sana: kwamba tabia njema hukaa katikati ya tabia mbaya mbili, moja ya kupungukiwa na nyingine ya kupita kiasi. Ukarimu u katikati ya ubahili na ubadhirifu. Mwenye sanduku lililojaa vyakula naye ala gizani peke yake ni bahili. Agawaye vyote siku ya kwanza ili asifiwe, kisha akaanza kuomba kwa wenzake, huyo ni mbadhirifu, wala si karimu.

Ushujaa nao u katikati ya woga na upumbavu wa kujitupa hatarini. Sisi wa wilaya ya Kilosa twajua maji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, na maelfu ya watu wakakosa makazi. Tufikiri basi watu watatu wamesimama ukingoni mwa mto uliofurika, na mtoto ameshikwa na maji. Wa kwanza akimbia. Wa pili ajitosa bila kutazama, naye hajui kuogelea. Sasa wako wawili wa kuokolewa. Wa tatu aogopa kama yule wa kwanza, lakini atafuta kamba, aita watu, ajifunga kiunoni, ndipo aingia. Shujaa ni huyo wa tatu. Hakukosa woga, ila woga haukumtawala, wala hasira ya maji haikumvuta.

Katikati hiyo haipimwi kwa rula. Yataka akili ya kutambua mtu gani, wakati gani na kwa kiasi gani. Akili hiyo sisi twaiita busara, nayo bila hiyo tabia nyingine zote zaweza kupotoka. Nitaonyesha mfano wake baadaye kidogo.

ADILI NA NDUGU ZAKE

Sasa turudi kwa methali zetu mbili zilizokuwa zikigombana. Mtu wa kutuamulia ni Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 akafa mwaka 1962. Katika kitabu chake Adili na Nduguze kilichotoka mwaka 1952, twamkuta Adili, liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai. Ni mtawala wa haki, apendwaye na watu. Lakini mjumbe wa mfalme agundua siri ya ajabu: kila usiku liwali huyu huwachapa nyani wawili, kisha huwalisha kwa huruma. Mtu mwema awezaje kuwatesa wanyama? Adili aitwa kwa mfalme ajieleze.

Kumbe nyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Walirithi sawa kutoka kwa baba mmoja. Ndugu hao walipoteza mali zao, na Adili akawapokea akagawana nao alichokuwa nacho. Malipo yake yakawa kutupwa baharini. Jini aliyepata kutendewa wema na Adili ndiye aliyemwokoa, akawageuza wale wawili kuwa nyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni hili: ndugu watatu, nyumba moja, urithi mmoja, na tabia mbalimbali. Basi damu si sababu, wala mali si sababu. Wivu waliulea wenyewe kwa kutazama kila siku alicho nacho mwenzao badala ya kutazama walicho nacho wao. Jambo la pili ni kwamba Shaaban Robert alifuata hadithi iliyomo katika Alfu Lela U Lela, lakini aligeuza mwisho wake. Katika ile ya kale wale ndugu warudia uovu wao mpaka kumwua ndugu yao. Katika kitabu cha Shaaban Robert warudishiwa ubinadamu, watubu, na wakubaliwa tena nyumbani.

Kwa nini alibadili? Sina haki ya kusema yaliyokuwa moyoni mwake, lakini kitabu chenyewe chasema wazi kwamba tabia ina dawa. Dawa hiyo ni chungu na huchukua muda mrefu, na tena yataka mtu wa pili akubali kusamehe, lakini ipo. Methali ya kwanza yasema kweli kuhusu ugumu wa kazi, na ya pili yasema kweli kuhusu kuwezekana kwake. Samaki aliyekauka naye hulowekwa akalainika, ila maji yake ni mengi.

GHARAMA YA WEMA

Ingekuwa uongo kuwaambia wenzangu kwamba mtu mwema hulipwa sikuzote. Mwaka 399 K.K. Socrates, mwalimu wa Plato, alishitakiwa Athene akiwa mzee wa miaka kama 70. Walisema awapotosha vijana na hawaheshimu miungu ya mji. Kosa lake kubwa lilikuwa kuwauliza wakubwa maswali mpaka ikaonekana kwamba hawajui walilodhani wanalijua. Akahukumiwa kufa. Rafiki zake walikwisha tengeneza njia ya kumtorosha gerezani, lakini alikataa. Alikuwa amewafundisha watu maisha yake yote kwamba kutenda dhuluma ni kubaya kuliko kutendewa. Hakutaka kuyakana mafundisho hayo siku ya mwisho kwa ajili ya kuokoa pumzi chache. Akanywa sumu.

Karama, katika Kusadikika ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951, yu katika hali inayofanana na hiyo. Ameshitakiwa kwa sababu ataka watu wafundishwe elimu ya sheria. Mshitaki wake ni Waziri Majivuno, mtu mwenye nguvu. Karama hamtukani mtu. Kwa siku sita asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kutafuta mambo ya kuifaa, na waliporudi wakatiwa gerezani. Mwishowe Karama aachiliwa, na wajumbe wale nao wafunguliwa.

Mmoja alikufa na mwingine aliokoka, lakini wote wawili walisimama kwa namna moja. Hakuna kati yao aliyejua mapema hukumu itakavyokuwa. Hilo ndilo jibu kwa Glaucon: mchungaji alikuwa na pete ya kumficha, nao hawakuwa na mahali pa kujificha, yeye alipata ufalme, nao walipata mashitaka, na bado, baada ya miaka yote hii, ni nani kati yao ambaye mzazi angependa mwanawe amfuate?

NIA NJEMA BILA BUSARA

Nimeahidi mfano wa busara, nao naupata katika kitabu cha Shakespeare kiitwacho Julius Caesar. Mwalimu Julius Nyerere alikitafsiri kwa Kiswahili, tafsiri ikatoka mwaka 1963 akiwa Rais, kisha akaisahihisha ikatolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ndani yake yumo Brutus, mtu ambaye hata adui zake wamheshimu. Hapendi fedha wala cheo. Lakini watu wenye wivu wamtupia dirishani barua za uongo, zionyeshe kwamba wananchi wamtaka aokoe nchi. Brutus azisadiki. Kwa nia safi kabisa amwua rafiki yake, na matokeo yake si uhuru bali vita, mwisho naye ajiua.

Barua za dirishani leo huja katika simu. Picha moja, sauti moja isiyojulikana ilikotoka, na kijana mwenye moyo mzuri ashika fimbo. Naona Brutus ni onyo kwa watu wema hasa, maana mwovu hutumwa na tamaa yake, lakini mwema aweza kutumwa na mwovu.

SISI WA MASANZE

Sasa niyaweke yote haya juu ya ardhi tunayoikanyaga. Katika wilaya yetu wako wakulima na wako wafugaji, na mazao na mifugo hukutana kwenye maji na kwenye mipaka. Tarehe 8 Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa pande hizo mbili. Sikuwa nimezaliwa, wala hapa si mahali pa kuhukumu. Nalitaja jambo hili kwa sababu watoto wa pande zote mbili leo wala sahani moja mabwenini, na baada ya Novemba kila mmoja atarudi kwao.

Siku moja ng'ombe wataingia shambani, au njia ya maji italimwa. Jioni hiyo watu watakusanyika, na wenye sauti kubwa watasema kwanza. Hapo kijana wetu hatakuwa na mwalimu wa zamu nyuma yake. Akikaa kimya kwa woga, amepungukiwa. Akishika silaha ili aitwe mwanaume, amepita kiasi. Njia ya katikati ni kusimama na kusema, twende kwa mwenyekiti wa kijiji, tupime hasara, tuulize kwanza ni mifugo ya nani. Kusema hivyo mbele ya ndugu zako mwenyewe wenye hasira ni ushujaa ambao wengi waliopigana hawakuwa nao.

Lakini hataweza kuusema siku hiyo kama hakuzoea kabla. Ndiyo sababu mambo madogo ya shuleni si madogo. Kusema "nimevunja mimi" kabla ya kuulizwa, kumtetea mnyonge anapochekwa kwa lafudhi yake, kumwambia rafiki kwamba jibu hutampa chumbani mwa mtihani naye akuchukie wiki nzima: hayo ndiyo matofali. Kila moja ni jepesi, na ukuta hujengwa kwa hayo.

Kwa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza nasema: mngali wabichi, jikunjeni wenyewe kabla hamjakaushwa na jua. Kwa wazazi wetu nasema: mkitupokea Desemba, msitazame matokeo peke yake; tazameni pia kama twaamka bila kengele. Na kwa wenzangu wa darasa la mwisho sina la kuongeza ila hili: bado tuna miezi michache ya kuzoea. Anayetaka kuanza, na aanze leo usiku, taa zitakapozimwa.